Kwa Nini Wote Wanapigania Katikati ya Ubao

Najua niliahidi kuendelea na yale masomo ya hifadhidata, lakini leo mtanivumilia. Kwa wiki kadhaa sasa kichwa changu kimejaa sataranji, na dawa pekee ninayoijua ni kuandika. Wale ambao hawajawahi kugusa ubao wa sataranji msikimbie. Kama umewahi kucheza drafti kwa vifuniko vya soda chini ya mti, utanifuata bila shida.

Nitaongea hasa kuhusu ufunguzi, yaani zile hatua kumi hivi za mwanzo kabla watu hawajaanza kulana kwa fujo. Walimu wa mchezo huu karibu wote wanasema neno moja: shika katikati. Wachache ndio wanaosema kwa nini. Mimi ni mtu wa programu, na mtu wa programu akiambiwa "fanya hivi" bila kupewa sababu, hapati usingizi.

Kwa wageni: ninaishi Cheptais, Kaunti ya Bungoma, kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Asubuhi punda wanapita na magunia ya viazi na vitunguu, nami nakaa kwenye veranda na kipakatalishi changu nikiandika programu za kampuni iliyoko Nairobi. Jumamosi alasiri veranda hiyo si yangu tena. Wanakuja watoto tisa, kumi, wakati mwingine kumi na wanne, na mbao za sataranji ni mbili tu. Kiongozi wao ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliye gredi ya 8. Ndiye aliyeniletea shida hii yote, nitafika kwake.

Kwanza ubao. Una miraba 64, 8 kwa 8. Safu za wima zina herufi a hadi h, za mlalo zina namba 1 hadi 8. Kwa hiyo kila mraba una anwani yake, kama seli za Excel. Kila upande una kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, askofu wawili, farasi wawili, na mbele yao safu ya kete ndogo nane ambazo kamusi inaziita vitunda. Watoto wa hapa wanaziita askari, nami nimewafuata. Katikati ya ubao kuna miraba minne: d4, e4, d5 na e5. Hiyo ndiyo habari yote ya leo.

Sikutaka watoto waniamini tu, kwa hiyo nilileta bakuli la mahindi. Nikamwambia mmoja aweke farasi pembeni kabisa, a1, halafu aweke punje kwenye kila mraba ambao farasi huyo anaweza kurukia. Punje 2. Tukamsogeza ukingoni, a4. Punje 4. Tukamweka e4, katikati. Punje 8. Farasi ni yule yule, hajala nyasi zaidi, lakini nguvu zake zimezidishwa mara nne kwa kubadilisha mahali alipo. Tukamjaribu askofu kwenye ubao mtupu: pembeni anaona miraba 7, katikati 13. Malkia: pembeni 21, katikati 27. Halafu kijana mmoja mdogo, ambaye huwa haongei, akauliza mbona ngome haibadiliki. Kweli, ngome popote utakapoiweka kwenye ubao mtupu inaona miraba 14. Swali hilo lilinifurahisha kuliko mengine yote ya siku hiyo, kwa sababu ndani yake mna sababu moja inayofanya ngome zisiharakishwe kwenda katikati: faida yake hutoka kwenye njia iliyo wazi, siyo kwenye mahali penyewe.

Kuna pia suala la mwendo. Farasi aliye a1 anahitaji hatua 6 kufika h8. Farasi aliye d4 hakuna mraba wowote ubaoni ambao utamchukua zaidi ya hatua 4. Ukiwa katikati unafika haraka upande wowote utakaowaka moto. Aliye ukingoni akisikia kuna moto upande wa pili, anafika nyumba imeshakuwa majivu.

Sasa nieleze nilikoutoa mchezo huu, maana watu huniuliza mtu wa Cheptais alijifunzia wapi sataranji. Nilijifunzia Kitale. Mwaka 2007 nilikuwa na miaka kumi. Wakati huo, kati ya 2006 na 2008, mlima wetu ulikuwa na vita vya ardhi, vile vilivyotokana na mgogoro wa Chebyuk, na familia nyingi zilikimbia. Sisi tulikimbilia Kitale, tukapanga chumba kimoja. Jirani yetu alikuwa mzee mstaafu, karani wa zamani wa reli, Mbukusu, mwenye ubao wa sataranji uliokosa farasi mmoja. Mahali pa farasi aliweka kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi. Sisi ni Wasabaoti, na miezi hiyo kulikuwa na watu wa pande zote mbili ambao wasingependa kutuona tumekaa meza moja. Mzee hakuwa na habari nao. Aliniambia, "Kijana, keti. Wewe ni Nyeupe, unaanza." Nikaketi karibu kila jioni kwa mwaka mmoja na nusu.

Kwa sababu hiyo nitasema jambo moja, halafu niliache. Vitabu vya sataranji vinapenda sana kuuita mchezo huu vita: majeshi, mashambulizi, ardhi iliyotekwa. Mimi silipendi neno hilo hapa veranda kwangu, na watoto wanajua. Askari wa sataranji akiliwa anarudi kwenye sanduku, na mchezo ujao anasimama tena mahali pake. Watu wetu wa 2007 hawakurudi. Mzee wa Kitale aliuita mchezo huu mazungumzo. Mimi nasema jambo, wewe unajibu. Nimelichukua neno hilo likawa langu.

Haya, turudi kwenye ufunguzi.

Nyeupe ana hatua 20 za kuchagua anapoanza: 16 za askari na 4 za farasi. Nyeusi naye ana 20. Yaani baada ya kila mmoja kucheza mara moja tu, kuna hali 400 tofauti za ubao. Hakuna binadamu anayekariri zinakokwenda zote. Ndiyo maana watu walitafuta kanuni, na kanuni ya kwanza ni ya katikati. Ufunguzi ambao huwa naanza nao kufundisha ni ule wa Kiitaliano. Nyeupe anapeleka askari e2 hadi e4, Nyeusi e7 hadi e5. Nyeupe anatoa farasi g1 kwenda f3, anamtishia askari wa e5. Nyeusi anamlinda kwa farasi, b8 kwenda c6. Nyeupe anatoa askofu kutoka f1 hadi c4. Angalia kila hatua: hakuna hata moja ambayo haikugusa katikati. Askari amekaa pale, farasi anapaangalia, askofu naye njia yake inapita d5.

Sataranji ya namna hii ndiyo wataalamu wanaita ya kimkao. Hutafuti kumnasa mtu. Unaweka kila kete mahali ambapo ina kazi, halafu unangoja. Upande wa pili kuna sataranji ya mitego, na hapo ndipo anapoingia mpwa wangu.

Muhula uliopita alikwenda Kitale kwenye mashindano ya shule. Alicheza michezo mitano, akashindwa minne. Miwili kati ya hiyo iliisha hata kabla chai yake haijapoa, kwa mtego ule ule. Mtego wenyewe ni huu: Nyeupe anapeleka askari e4, kisha malkia mbio hadi h5, kisha askofu c4. Wote wawili wanautazama mraba wa f7, ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake. Nyeusi asipoona, malkia anakula f7 hatua ya nne na mfalme hana pa kwenda.

Alirudi nyumbani akaweka ubao juu ya kabati. "Mjomba, wale wamekariri," akaniambia. "Wana intaneti nyumbani, wanaangalia video usiku. Mimi siwezi kukariri yote hayo." Dada yangu akaniambia nimwache, mtoto ana mitihani. Siku mbili hakuongea na mtu kuhusu sataranji. Mimi sikuwa na hamu ya bingwa katika familia. Nilichokiogopa ni lile neno "siwezi", kwa sababu nilijua haliishii kwenye ubao. Nimeliona likiwatoa watu darasani chuo kikuu, vijana wenye akili kunishinda, waliotoka shule ambazo hawakuwahi kuona kompyuta, wakikaa karibu na wenzao waliozaliwa nazo.

Jumamosi nilishusha ubao. Nikamwomba anichezee mtego ule ule, yeye awe Nyeupe. Askari e4, nami e5. Malkia h5, anamtishia askari wangu wa e5. Nikatoa farasi c6 kumlinda. Askofu c4. Sasa f7 iko hatarini. Nikasogeza askari mmoja hadi g6, hatua ndogo tu, malkia akalazimika kuondoka. Akarudi f3, bado anautazama f7. Nikatoa farasi wa pili, f6, akaziba njia. Basi. Mtego umeisha, na hakuna aliyekariri chochote.

Nikamwambia tuhesabu. Nyeupe amecheza hatua nne, mbili kati ya hizo ni za malkia, na malkia huyo sasa amekalia f3, mraba bora wa farasi wake mwenyewe. Nyeusi ana askari e5 na farasi wawili nje. Halafu nikachukua mahindi. Farasi wa c6 anaangalia d4 na e5. Farasi wa f6 anaangalia e4 na d5. Akaziweka punje nne mwenyewe, akazitazama. Farasi wawili tu, kila mmoja hatua moja kutoka nyumbani kwake, wanaangalia miraba yote minne ya katikati. "Kwa hiyo akileta malkia mapema, ananisaidia?" Ndiyo mama, anakusaidia.

Hapa nikiri udhaifu wa taaluma: nilipoona punje zile nne nilifikiria namba. Mnaojua programu za sataranji mtaelewa. Ubao una miraba 64, na kompyuta za siku hizi zinafanya kazi na namba za biti 64. Mraba mmoja, biti moja. Ukiipa a1 biti ya 0 na h8 biti ya 63, miraba minne ya katikati inakuwa biti za 27, 28, 35 na 36. Ukizijumlisha unapata namba moja tu: 103,481,868,288. Programu ikitaka kujua kama kuna askari wa Nyeupe katikati, inachukua namba ya askari na kuilinganisha na hiyo kwa operesheni moja ya NA. Jibu linatoka papo hapo. Nilipoliona jambo hili mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta Kakamega, nilitoka nje nikatembea kidogo.

Historia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Alan Turing na mwenzake David Champernowne walibuni programu ya sataranji mwaka 1948, wakati hapakuwa na kompyuta ya kuiendesha. Mwaka 1952 Turing alikaa na makaratasi akawa kompyuta yeye mwenyewe, akifuata kanuni zake hatua kwa hatua dhidi ya Alick Glennie. Akashindwa. Mwaka 1950 Claude Shannon wa Marekani alichapisha makala iliyoweka msingi wa karibu kila kilichofuata. Alisema kompyuta inahitaji fomula ya kupima hali ya ubao. Malkia akampa thamani ya 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1. Halafu akaongeza jambo ambalo ndilo ninalolipenda: kila hatua inayowezekana kuchezwa ipewe 0.1. Mnaona? Ukimpa farasi 0.1 kwa kila mraba anaoweza kurukia, wa pembeni anapata 0.2 na wa e4 anapata 0.8. Punje zetu za mahindi hizo hizo, isipokuwa zimegawanywa kwa kumi.

Waliofuata walirahisisha zaidi. Badala ya kuhesabu kila mara, waliandika jedwali: kila kete na namba yake kwa kila mraba. Jedwali maarufu la wanaoanza ni la Mpoland Tomasz Michniewski, na nililitumia kwenye programu yangu ya kwanza. Thamani zake ni mia moja kwa askari mmoja. Farasi akiwa pembeni kabisa anakatwa 50, nusu ya askari! Akiwa katikati anaongezwa 20. Askari wa d na e wakibaki nyumbani bila kusogea, kila mmoja anakatwa 20. Wakifika d4 na e4 wanaongezwa 20. Programu yenyewe haijui neno "katikati". Haijui hata kwamba inacheza. Lakini ukiiwasha inapeleka askari mbele na farasi ndani, kama mtu aliyefundishwa na mzee wa Kitale.

Na kwa wale watakaosema majedwali hayo ni mambo ya kale: ni kweli. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza AlphaZero, ambayo ilipewa sheria za mchezo tu na kuachwa icheze na yenyewe. Ilikutana na Stockfish 8, mojawapo ya programu kali kabisa wakati ule, michezo 100. Ilishinda 28 na sare 72. Stockfish nayo ikajifunza. Tangu 2020 inatumia mtandao wa nyuroni kupima ubao. Lakini hiki ndicho kinachonishangaza: AlphaZero, bila kuona mchezo hata mmoja wa binadamu, iligundua yenyewe zile funguzi 12 ambazo watu huzicheza zaidi. Hakuna aliyeiambia kuhusu katikati. Iliipata peke yake.

Sasa niharibu somo langu mwenyewe kidogo, kwa sababu kanuni yoyote isiyo na upinzani hunitia wasiwasi.

Miaka ya 1920 walitokea vijana Ulaya, Aron Nimzowitsch na Richard Réti wakiongoza, waliosema kwamba kushika katikati si lazima uikalie. Unaweza kumwachia mwenzako aijaze askari wake, halafu ukaiangalia kutoka mbali na kuigonga. Réti alilithibitisha New York mwaka 1924. Mpinzani wake alikuwa José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia kutoka Kuba, ambaye hakuwa ameshindwa kwa miaka minane. Réti alianza na farasi f3, kisha akaweka askofu mmoja b2 na mwingine g2, pembeni pembeni kabisa. Mtoto akifanya hivyo bila kujua unamkemea. Lakini mwangalie askofu wa b2: mshazari wake unapita c3, d4, e5, f6. Miraba miwili kati ya ile minne iko machoni pake, naye amekaa ukingoni kimya. Capablanca alishindwa.

Nilisoma hayo nikiwa chuo, na sitawadanganya, yalinisaidia kuamua kurudi nyumbani. Wenzangu karibu wote walikwenda Nairobi. Mimi nilipata kazi ya kufanyia mbali nikasema nitakuwa askofu wa b2. Nitakaa Cheptais, nitaangalia katikati kupitia mshazari. Kwa miaka minne imekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia.

Lakini askofu wa b2 ana sharti moja ambalo vitabu vinalitaja na vijana hawalisomi. Mshazari uwe wazi. Ukiweka askari wako d4 na akasimama hapo asiondoke, askofu huyo hana tofauti na kizibo cha dawa ya kikohozi. Mshazari wangu mimi ni umeme na mtandao. Siku umeme unapokatika tangu asubuhi na simu inaonyesha alama moja ya mtandao, ninapanda pikipiki hadi Chwele kutafuta mahali pa kuchaji, nikiwa na mkutano wa saa nne. Mwezi uliopita kampuni ikatuandikia wote: kuanzia mwaka ujao kila mtu afike ofisini Nairobi, siku zote tano. Siwalaumu sana. Wao wameketi d4, wanaona mambo kutoka pale.

Nilimwambia dada yangu jioni, tukiwa tunaambua maharagwe. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ndugu yangu, kazi ni kazi. Lakini hao watoto utawaambia nini?" Mpwa wangu alikuwa anasikiliza, akajifanya anasoma.

Nikamjibu kwamba sataranji haihitaji mimi, na kwa kiasi ni kweli. Stockfish ni ya bure, inakaa ndani ya simu, inacheza bila intaneti. Mtu yeyote Cheptais anaweza kuwa na mwalimu anayemshinda bingwa wa dunia ndani ya mfuko wa suruali. Lakini nimewaona watoto wakicheza nayo. Inawaambia hatua yao ni mbaya, ina alama hasi 2.3, na inakaa kimya. Haiwezi kuleta bakuli la mahindi. Jirani zetu Waganda wanayo hadithi wanayoijua wengi, ya Phiona Mutesi wa mtaa wa Katwe, Kampala, ambayo ilitengenezwa filamu mwaka 2016. Watu wanaikumbuka kwa ajili yake, na ni haki. Mimi kila nikiiangalia namtazama Robert Katende, mwalimu wake, aliyekuwa anakuja tu. Siku baada ya siku, anakuja.

Wiki tatu zilizopita tulirudi Kitale, mimi na mpwa wangu na wavulana wawili, kwa matatu ya asubuhi. Mchezo wa pili alikutana na mtoto aliyempeleka malkia h5. Nilikuwa nimesimama mbali ukutani, wazazi hawaruhusiwi karibu na meza, lakini niliona mkono wake ukishika askari wa g bila haraka. Malkia akarudi f3. Farasi f6. Mpinzani alikaa akifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu video yake ilikuwa imeishia hapo. Kuanzia hapo walikuwa watu wawili wenye akili sawa kwenye ubao mmoja, na mpwa wangu alikuwa na katikati. Alichukua zaidi ya saa moja kushinda. Siku nzima alishinda miwili, sare mmoja, akapoteza miwili. Kwenye matatu ya kurudi alilala mpaka Kimilili, alipoamka akaniuliza kama g6 inafaa pia malkia akienda f3 moja kwa moja bila kupitia h5. Nikamwambia haina haja, atoe farasi f6 tu.

Kuhusu kazi, Jumapili iliyopita niliwaandikia. Nimewaambia nitabaki Cheptais, nitafika Nairobi wiki moja kila mwezi kwa nauli yangu, na nimenunua betri na paneli ya sola ili mshazari usizibwe na umeme wa kukatika. Nimeweka pia rekodi ya kazi zote nilizomaliza tangu nianze, bila maneno mengi. Bado hawajajibu. Wakikataa, nina akiba ya miezi mitano na wateja wawili wadogo Bungoma. Si nyingi.

Haya, zoezi kwa wanaopenda. Ondoa kete zote ubaoni, weka farasi mmoja a1. Mfikishe b2, mraba unaogusana naye kwa kona, kwa hatua chache iwezekanavyo. Wengi watasema 2, kwa sababu katikati ya ubao ndivyo ilivyo. Kwenye kona ni 4. Njia moja ni c2, e3, d1, kisha b2. Yule kijana asiyeongea aliipata kabla yangu, na ameniambia kuna nyingine. Nikimaliza kuzihesabu, tutarudi kwenye hifadhidata.